Mikono Mingi, "Wewe" Mmoja

Barua ya kumwachisha kazi mkurugenzi kwa makosa ya manunuzi mara nyingi haifiki kurasa mbili. Jalada la manunuzi yenyewe hujaza boksi: maombi ya idara, uthibitisho wa fedha, tangazo la zabuni, ripoti ya tathmini, dondoo za kikao cha Bodi ya Zabuni, barua ya tuzo, mkataba, hati ya kupokea mzigo, vocha ya malipo. Kila karatasi ina saini zake. Mtu akifukuzwa, mjini huulizwa swali moja tu: aliiba au hakuiba? Nadhani barua ingesomwa kwanza, kwa jicho lile lile tunalosomea shairi au hadithi, tukiangalia nani anasema, nani anatendwa, kitenzi gani kimebeba mzigo na nini kimeachwa nje. Uonevu mwingi wa kazini hukaa kwenye umbo la maandishi hata kabla wakili hajafungua kitabu cha sheria. Na wezi wengi wa mali ya umma wameponea humo humo.

Nitatumia barua ya mfano. Haikutoka ofisi yoyote. Nimeiunga kwa sentensi ambazo yeyote aliyewahi kukaa masijala Tanzania anazijua kwa moyo:

"YAH: KUACHISHWA KAZI KWA UTOVU WA NIDHAMU. Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu. Imebainika kwamba ukiwa Mkurugenzi wa Utawala ulishindwa kusimamia ipasavyo taratibu za manunuzi ya samani na hivyo kuisababishia Taasisi hasara kubwa. Utetezi wako umepitiwa na kuonekana hauna mashiko. Menejimenti imejiridhisha kwamba umekosa uadilifu unaotarajiwa kwa kiongozi wa ngazi yako. Kwa barua hii unaachishwa kazi kuanzia tarehe ya barua hii. Nakutakia kila la heri."

Inasomeka vizuri. Ina adabu, haina tusi, na kila sentensi inasonga mbele kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuamua. Utulivu huo ndio unaonitia wasiwasi.

Angalia "imebainika". Kiswahili kina njia mbili za kumtoa mtendaji kwenye sentensi. Ukisema "imegunduliwa", msomaji anaweza kuuliza imegunduliwa na nani, na sarufi inamruhusu: kiti cha mtendaji kipo, kimeachwa tupu. Ukisema "imebainika", jambo limejitokeza lenyewe kama kunavyopambazuka, na hakuna mtu wa kuulizwa. Lakini jambo la manunuzi halijitokezi lenyewe. Kuna mtu aliyeliona: mkaguzi wa ndani, timu ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, au mzabuni aliyekosa zabuni akaandika malalamiko. Kila mmoja ana jicho lake na sababu yake ya kutazama. Kanuni za Utendaji Bora zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007 zinamtaka mwajiri aanze kwa uchunguzi, ili ajue kama kuna jambo la kuitishia kikao. Mfanyakazi asiyejua aliyeona, na aliyeona nini, ataujibuje uchunguzi ambao hata kuwapo kwake hakujatajwa?

Tatizo hili lina chanzo ambacho hakisemwi sana. Tuhuma nyingi za manunuzi huzaliwa kama hoja ya ukaguzi. Hoja ya ukaguzi ina umbo lake: huielekea taasisi. Mkaguzi huandika kwamba taasisi haikuzingatia kanuni fulani, kwamba taasisi ilifanya malipo bila nyaraka hizi, na hutaka Afisa Masuuli atoe majibu. Ni swali linaloulizwa nyumba nzima. Kisha siku moja, labda baada ya kikao kigumu na kamati ya Bunge, sentensi ile ile inachukuliwa na kuhamishiwa kwenye barua ya tuhuma, ikiwa na takwimu zake zote, na kinachobadilika ni kiambishi tu. "Haikuzingatia" inakuwa "hukuzingatia". Sauti ya *i* imekuwa sauti ya *u*, na kosa la nyumba limepata mtu wa kulibeba. Kati ya hoja na tuhuma palitakiwa kufanyika kazi: kumtafuta mtendaji. Ukiziweka hati mbili hizo sambamba na kuona aya zimenakiliwa neno kwa neno, umeona kwa macho yako kwamba kazi hiyo haikufanyika.

Sasa "ulishindwa kusimamia ipasavyo". Kuna tendo gani hapa? Kushindwa ni kukosekana kwa tendo. Kusimamia ni neno pana kuliko chumba chochote cha mahakama. Na "ipasavyo" inadai kipimo ambacho barua haikitoi. Kanuni za 2007 zinauliza maswali mahususi sana kuhusu hili: kuna kanuni iliyovunjwa? Ni ya busara? Iko wazi? Mfanyakazi aliijua, au alitarajiwa kuijua? Imekuwa ikitumika kwa wote bila upendeleo? Kuachishwa kazi ndiyo adhabu inayostahili? "Taratibu za manunuzi" haijibu hata swali la kwanza, kwa sababu taratibu za manunuzi ni sheria nzima, kanuni zake na miongozo juu yake. Kipimo changu cha tuhuma ni rahisi: je, inajibika? Jaribu kuijibu hii. Utasema nini zaidi ya "sikushindwa"? Tuhuma ambayo haiwezi kupata jibu zaidi ya kukanusha imemfunga mtu mdomo huku ikimwambia aseme.

Halafu yanakuja maneno mawili madogo ambayo kwangu ndiyo kiini cha barua nzima: "na hivyo".

"Ulishindwa kusimamia, na hivyo kuisababishia Taasisi hasara." Ndani ya "na hivyo" kumezama boksi zima la jalada. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2011 iliugawa uamuzi wa kununua vipande vipande: Afisa Masuuli, Bodi ya Zabuni, Kitengo cha Usimamizi wa Ununuzi, Idara Tumizi na Kamati ya Tathmini, kila mmoja na kazi yake, na kila mmoja akitakiwa kuifanya kwa uhuru bila kuingiliwa na mwenzake. Sheria mpya, Na. 10 ya 2023, imeendelea na mgawanyo huo wa kazi, na mfumo wa kielektroniki wa NeST ulioanza kutumika mwaka huo huo umeuingiza kwenye kompyuta, hatua kwa hatua, akaunti kwa akaunti. Mpango huu ulitungwa na watu walioujua wizi vizuri. Walitaka mtu mmoja asiweze kuiba peke yake. Akitaka kuiba, atafute wenzake, na kila mwenzake awe shahidi wa baadaye.

Mpango uliokusudiwa kumzuia mwizi wa peke yake umefanya pia iwe vigumu kumpata mkosaji wa peke yake. Sheria ya ununuzi imeandikwa kwa wingi. Barua ya kuachishwa kazi imeandikwa kwa umoja. Mwajiri anayetaka kuvuka kutoka kule kwenda huku ana deni la maelezo: mkono huu mmoja uliipitaje mikono mingine? Majibu yako manne hivi. Aliwalazimisha wenzake. Au aliwadanganya. Au alificha jambo, kwa mfano kwamba mzabuni ni kampuni ya shemeji yake. Au alisaini bila kusoma. Vitenzi hivi vinne havifanani hata kidogo. Aliyelazimisha ametumia cheo kama silaha. Aliyedanganya ameghushi. Aliyeficha ana mgongano wa maslahi, na hapo sihitaji hata kuonyeshwa hasara. Kuficha kwenyewe kumeua uaminifu. Aliyesaini bila kusoma ni mzembe, na uzembe una viwango. Barua inayosema "ulishindwa kusimamia ipasavyo" imevimwaga vyote vinne kwenye chungu kimoja, na adhabu iliyotoka humo ni ile ya kosa kubwa kuliko yote.

Nionyeshe kwa karibu. Chukua kosa linalojulikana kila ofisi: kugawa manunuzi. Taasisi inahitaji viti na meza. Thamani yake inavuka kiwango, hivyo sheria inataka ushindani. Badala ya zabuni moja, zinatoka hati tatu za kuagiza bidhaa (LPO) kwa mzabuni mmoja, kila moja ikikaa chini kidogo tu ya kiwango. Hasara ni ya kweli: viti vilevile vingepatikana kwa bei ya chini, na pengine vingedumu zaidi ya mwaka. Sasa fungua jalada. Kama LPO zote tatu zina tarehe moja, na zililetwa mezani kwa mkurugenzi ndani ya folda moja asubuhi moja, basi anayesema hakuona alichagua kutoona. Lakini kama maombi yalitoka idara tatu, katika majuma matatu tofauti, na mtu pekee aliyekuwa akiyaona yote kwa pamoja ni mkuu wa Kitengo cha Ununuzi, basi mkurugenzi aliona miti mitatu na mwenzake aliuona msitu. Saini ni zile zile. Kiasi ni kile kile. Kilichobadilika ni tarehe na njia ya karatasi, na hivyo viwili havimo kwenye barua yetu ya mfano. "Hasara kubwa" imeandikwa bila tarakimu, bila tarehe, bila namba ya LPO hata moja.

Hapa niseme jambo bila kuuma maneno, nisije nikadhaniwa natetea wakubwa. Utetezi wa "mimi nilisaini tu" unanichukiza. Mkurugenzi halipwi mshahara ule kwa ajili ya kalamu. Analipwa kwa macho yanayotakiwa kutangulia kalamu. Fedha ya vitanda vya wodi ya wazazi ikiliwa kwenye zabuni ya uongo, wapo wanawake wanaolala wawili wawili, na hakuna aya ya sheria ya kazi itakayonifanya nimwonee huruma aliyekula. Cheo kinaongeza wajibu. Hata Kanuni za 2007 zinataka uzito wa kosa upimwe kwa kuangalia aina ya kazi ya mtu na mazingira ya tukio. Karani na mkurugenzi wakiteleza pale pale, hawajateleza sawa.

Lakini tazama barua inavyokitumia cheo: "umekosa uadilifu unaotarajiwa kwa kiongozi wa ngazi yako". Cheo kilitakiwa kitaje wajibu, kwamba wewe, kwa nafasi yako, ulipaswa kuhakiki jambo hili kwenye hati hii kabla ya kuidhinisha. Badala yake kimetumika kupaka rangi. Tena sentensi imeruka kutoka kwenye tendo hadi kwenye tabia. Mwanzoni mtu alishindwa kusimamia. Sasa amekosa uadilifu. Uzembe umegeuka kuwa ukosefu wa uaminifu bila ushahidi wowote kuongezwa katikati, kwa nguvu ya sentensi mpya tu. Anayeachishwa kazi kwa uzembe anaweza kupata kazi nyingine na kujirekebisha. Anayeandikiwa kwamba hana uadilifu amepewa cheti cha kumfuata maisha yake yote, na mwajiri amekitoa bila kusema ni lini na wapi alidanganya.

"Utetezi wako umepitiwa na kuonekana hauna mashiko." Sentensi hii ina maneno saba, na inasimama badala ya kikao kizima. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 13(6)(a), inapozungumzia haki na wajibu wa mtu kuamuliwa na mahakama au chombo kingine, haikuishia kwenye neno kusikilizwa. Imeongeza "kwa ukamilifu". Mwandishi wa barua yetu amepitia. Kupitia ni kazi ya macho juu ya karatasi, tena macho yaliyo safarini. Kusikiliza ni kukaa na mtu, kumwachia aulize mashahidi wa mwajiri, kumwita shahidi wake, na kisha kusema kwa nini hoja yake ya kwanza imekubaliwa na ya pili imekataliwa. Sitarajii barua irudie mwenendo wote. Natarajia angalau sentensi moja inayoonyesha kwamba aliyeandika alielewa utetezi ulikuwa nini. Ukiisoma barua hii mara kumi hutajua mkurugenzi alijitetea kwa lipi. Ameandika kurasa kumi na mbili, labda, na zimekuwa maneno saba ya mtu mwingine.

Katika kesi za manunuzi ukamilifu huo una kikwazo chake maalumu. Kanuni zinampa mtuhumiwa muda wa kutosha kujiandaa, usiopungua saa 48, na haki ya kusindikizwa na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Saa 48 zinamtosha dereva aliyetuhumiwa kuuza mafuta. Mkurugenzi aliyesimamishwa "kupisha uchunguzi" amekwisha kunyang'anywa kompyuta, akaunti yake ya mfumo imefungwa, na mlinzi wa getini ameagizwa asimruhusu kupita. Jalada la boksi zima liko upande wa pili wa ukuta. Anatakiwa aeleze kwa nini mwaka juzi aliidhinisha hati ambayo hawezi kuiona tena. Mfumo wa kielektroniki unatunza kila hatua na saa yake, na hilo ni jambo zuri sana kwa haki, ila ni zuri kwa mwenye neno la siri. Mwajiri anayeambatanisha nakala za hati pamoja na tuhuma, na kumpa siku za kuzisoma, amefanya jambo ambalo hata wingi wa aya nzuri kwenye barua ya mwisho hauwezi kulifidia. Kila ninapoulizwa kama fulani alitendewa haki, jambo hili ndilo ninalolitafuta mapema: orodha ya viambatisho.

Kisha shuka hadi chini kabisa ya barua, kwenye saini. Kanuni zinataka kikao kiongozwe na mtu wa ngazi ya kutosha ambaye hakuhusika na tukio. Kwa mfanyakazi wa chini hilo halina shida. Wakubwa wapo tele. Kwa mkurugenzi, walio juu yake ni wachache, na katika manunuzi walio juu yake kwa kawaida wamo ndani ya jalada. Afisa Masuuli ndiye aliyeteua Kamati ya Tathmini na kusaini mkataba. Rudi kwenye boksi, chukua mkataba wa samani, uweke kando ya barua ya kuachishwa kazi. Kama mkono ulioandika chini ya hati zote mbili ni mmoja, basi ule "wewe" wa barua umeandikwa na mmoja wa "sisi" wa jalada. Sisemi kwamba aliyesaini ni mkosaji. Nasema hawezi kuwa hakimu wa jalada lenye saini yake, na palipo na bodi ya wakurugenzi au mtu wa nje anayeweza kuongoza kikao, kumkwepa ni kosa linaloonekana bila miwani.

Neno "imejiridhisha" lipo karibu na saini hiyo, na si bahati mbaya. Menejimenti imejiridhisha: iliyoridhisha ni menejimenti, iliyoridhishwa ni menejimenti. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 nayo inaipa imani ya mwajiri nafasi kubwa. Inauliza ni mambo gani mwajiri aliamini kwa dhati kwamba yapo wakati anamwachisha mtu kazi. Lakini imani hiyo inabidi ithibitishwe mbele ya mahakama kwamba ilikuwa na sababu ya haki, na mfanyakazi awe amesikilizwa kabla. Kwa upande wa Tanzania, sheria ya ajira ya 2004 inamtwisha mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba sababu ni halali na ya haki, na kwamba utaratibu ulikuwa wa haki. Kujiridhisha hakumo.

Kuna pia aya ambayo haipo. Kanuni zinataka mtu akipatikana na kosa apewe nafasi nyingine ya kusema kabla ya adhabu kuamuliwa: muda aliotumikia, rekodi yake, mazingira yake. Katika barua yetu hatia na adhabu zimekaa pua na mdomo. "Imejiridhisha" inafuatwa na "kwa barua hii" bila hata pumzi. Na hakuna neno juu ya wengine. Wajumbe wa Bodi ya Zabuni waliopitisha manunuzi yale yale walipata nini? Kama walipewa barua za onyo, au hawakupewa chochote, barua ya mkurugenzi ingetakiwa iseme tofauti iko wapi. Inawezekana ipo, tena kubwa. Isipoandikwa, watu wataijaza wenyewe: alikuwa hasikilizani na bosi, alikuwa wa kabila fulani, nafasi yake ilikuwa na mtu anayeingoja.

Tumezoea kujaza wenyewe kwa sababu hadharani umbo ni fupi zaidi. Tangu enzi ya "kutumbua majipu" iliyoanza mwishoni mwa 2015, tumesikia sana sentensi moja ya taarifa kwa vyombo vya habari: mamlaka ya uteuzi imetengua uteuzi wa fulani. Kutengua uteuzi na kuachisha kazi ni vitu viwili kisheria. Aliyetenguliwa huweza kubaki mtumishi. Ila sikioni kwa wananchi havina tofauti, hasa jina la taasisi likitajwa pamoja na neno manunuzi. Watu walishangilia, na naelewa walichokuwa wakishangilia: walikuwa wamechoka kuona wakubwa hawaguswi. Nilitaka waguswe, na bado nataka. Ila sentensi ya namna ile haituambii kama aliyeguswa ndiye.

Pengo la kusikiliza linaishi muda mrefu. Februari 2008 Edward Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu kufuatia ripoti ya Kamati Teule ya Bunge, iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe, juu ya mkataba wa umeme wa dharura uliopewa kampuni ya Richmond mwaka 2006. Hakuwa mwajiriwa kwa maana ya sheria za kazi. Lakini alisimama bungeni akalalamika kwamba kamati haikumwita kumsikiliza. Alipogombea urais mwaka 2015 Richmond ilirudi majukwaani, na mjadala bado ulikuwa umegawanyika pale pale: wengine wakiuliza alifanya nini, wengine wakiuliza kwa nini hakuitwa. Kamati ingemwita, nusu ya mjadala huo ingekosa chakula.

Mahakama zimelijua hili zamani. Mwaka 1958 kamati ya usimamizi wa polisi ya mji wa Brighton, Uingereza, ilimfukuza mkuu wa polisi wake, Charles Ridge. Alikuwa ameshtakiwa kwa njama za kupotosha haki, akaachiwa, lakini jaji alitoa maneno makali juu ya uongozi wake. Kamati ikakutana bila kumwita na ikaazimia kwamba alikuwa mzembe na hakufaa kazi. Mwaka 1963 mahakama ya juu kabisa ya nchi ile, majaji wanne dhidi ya mmoja, ikasema uamuzi huo ni batili. Alichopigania zaidi ni pensheni yake. Kesi hiyo husomwa kama kesi ya haki ya kusikilizwa, na ndivyo ilivyo, lakini mimi huliangalia azimio la kamati: limetaja tabia, halikutaja siku wala tendo. Ni ndugu wa damu wa barua yetu.

Na barua mbovu hailindi hata mali ya umma. Mkurugenzi aliyeiba kweli akiipeleka barua hii Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mwamuzi hatafuti kama ni mtu mwema. Anauliza sababu iko wapi, na utaratibu ulifuatwa vipi. Sheria ya 2004, kama ilivyotungwa, iliweka fidia isiyopungua mishahara ya miezi 12 kwa aliyeachishwa isivyo haki, na mishahara ya mkurugenzi si midogo. Mtumishi wa umma ana njia yake ya kupitia Tume ya Utumishi wa Umma, lakini mwisho wa uzembe wa mwandishi ni ule ule. Hospitali iliyoibiwa vitanda inamlipa aliyeviiba.

Ningeandika nini mahali pa "ulishindwa kusimamia ipasavyo"? Kitu kama hiki: "Tarehe 14 Machi, kati ya saa tatu na saa tatu na nusu asubuhi, akaunti yako iliidhinisha LPO tatu za viti vya aina moja kwa mzabuni mmoja (viambatisho A, B na C). Jumla yake inavuka kiwango cha ununuzi usio na ushindani. Siku iliyotangulia, Mkuu wa Kitengo cha Ununuzi alikuandikia kwamba maombi hayo yaunganishwe (kiambatisho D). Ulimjibu kwa maandishi aendelee (kiambatisho E). Bei ya kila kiti ilizidi bei ya soko kwa kiasi kilichoonyeshwa kwenye kiambatisho F." Sentensi hizi ni kali kuliko za barua ya kwanza, na hazina neno hata moja kuhusu uadilifu. Mkurugenzi anaweza kusema kwamba asubuhi ile alikuwa ndani ya ndege na neno la siri lilikuwa kwa katibu muhtasi wake. Mwajiri anaweza kumuuliza alimpa kwa ruhusa ya nani, na ile "endelea" ya kiambatisho E aliiandika nani. Katibu muhtasi anaweza kuitwa.